Picha ya giza sinema: tupeane uzoefu

Mla Bisi: Wakuu, juzi nimelipia tiketi hapa Dar, filamu yenyewe nusu inatokea usiku. Nasikia mapanga yanagongana, anayekata na anayekatwa siwajui. Trela yake kwenye simu ilikuwa inang'aa! Kijana wa mlangoni ananijibu, "ndivyo ilivyorekodiwa". Nani mwingine yamemkuta?

Binti Kisauni: Mimi Mombasa, filamu ya 3D. Nikivua miwani mwanga unarudi, ila kila mtu anakuwa na pacha wake. Nikaamua kulala.

Fundi Mstaafu: Nimekaa chumba cha projekta, ngoja niseme. Kipimo cha mwanga wa picha kwa sinema ya kidijitali ni kandela 48 kwa mita ya mraba katikati ya pazia. 3D inaruhusiwa kuwa chini ya hapo, na chini sana, maana kichujio na miwani vinakula zaidi ya nusu ya mwanga. Halafu kuna taa ya projekta yenyewe, ya gesi ya zenoni. Haizimiki ghafla, inafifia polepole, na kwa kuwa ni ghali, bosi anasema "bado inawaka hiyo". Kuibadili nako si mchezo: gesi ya ndani ina shinikizo hata taa ikiwa baridi, inaweza kupasuka, ndiyo maana tunavaa glavu na kinga ya uso. Bado hujafuta vumbi la kioo cha kidirisha ambacho mwanga unapitia kuingia ukumbini. Projekta za leza zimepunguza shida ya taa. Vumbi liko palepale.

Mbongo Boston: Huku mwaka 2011 gazeti la Boston Globe liliwaanika wenye kumbi: walikuwa wanaacha lenzi ya 3D kwenye projekta za Sony hata kwa filamu za kawaida. Dalili yake ilikuwa miale miwili, mmoja juu ya mwenzake, ikitoka dirishani nyuma yako. Mimi niligeuka nikaiona. Meneja akanirudishia hela, lenzi akaiacha.

Kibanda Umiza: Kwetu mtu akifungua mlango tu, picha haipo. Ila hatutozwi bei zenu 😂

Mla Bisi: Fundi, nitajuaje kama ni taa au ni mwongozaji kapenda giza?

Fundi Mstaafu: Tafuta kitu cheupe: shuka, kanzu, majina ya mwishoni. Kikionekana kijivu, ni mashine. Usihangaike na wa mlangoni, muone meneja filamu ikiwa bado inaendelea, aje aangalie mwenyewe.