Naomba ushauri: kukausha soya ya unga wa lishe wakati wa masika

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaoandaa unga wa lishe nyumbani. Mchanganyiko ni mahindi kilo 2, ulezi kilo 1, soya nusu kilo. Karanga hazimo, maana mafuta yake huchachisha unga mapema. Ni bora zitwangwe na kutiwa wakati wa kupika uji.

Shida ni soya. Mbichi haimfai mtoto kabisa: ina viini vinavyozuia mwili kumeng'enya protini, na tumbo hujaa gesi. Kwa hiyo hutiwa kwenye maji yanayotokota, dakika 25, ikasuguliwa maganda, ikaanikwa, ndipo ikakaangwa. Sasa jua la masika halitoshi. Siku ya pili punje zinateleza na kunuka. Ukizikaanga hivyo, nje zinaungua na ndani zina unyevu, halafu unga unashika ukungu. Hapo ndipo pa kuogopa, kwani sumukuvu (sumu ya ukungu) haiondoki kwa kuchemsha uji.

Mnakaushaje bila jua? Moto wa mkaa uwe kiasi gani, na kwa muda gani? Na kuna anayekaanga bila kuchemsha, soya ikaiva hadi ndani?