Mimba ya wiki 13, na jirani anapiga dawa viazi ng'ambo ya ua

MamaWaDundori

Hamjambo wenzangu. Niko juu huku Dundori, Nakuru. Mimba ya kwanza ilitoka mwaka jana, kwa hivyo hii naibeba kama yai.

Ng'ambo ya ua wetu wa kaiyaba kuna ekari moja ya viazi, aina ya Shangi. Mwenyewe ni mzee anayenunua maziwa kwetu, hatuna ubaya wowote. Lakini msimu huu mvua haikati, na ukungu wa viazi unapenda mvua, basi kila baada ya siku saba au nane namwona na pampu mgongoni. Jikoni yangu ni ya mbao, hatua kama 15 kutoka kwenye ua. Jumanne alianza saa tano, upepo umeshaamka. Nilikuwa na chapati motoni nikasikia ile harufu, kama kitunguu kilichooza kikachanganywa na rangi ya nyumba. Ikanikaa kooni. Nilipotoka kuanua nguo, shuka nyeusi ilikuwa na vidoa vidogo vya unga. Nikatapika, ingawa wiki hizi natapika hata nikinusa mafuta ya taa, kwa hivyo sijui nilaumu nini.

Kiliniki niliambiwa nioshe mboga kwa maji ya chumvi, basi. Foleni ilikuwa ndefu.

Nauliza: hii hewa inamfikia mtoto kweli? Niache sukuma na nyanya? Na huyu mzee nitamwambiaje asione natafuta vita? Mama mkwe anacheka, anasema alizaa saba katikati ya pareto na hakuna aliyetoka na pembe.

Agroveti_Njoro

Pole dada. Nimeuza dawa za shamba miaka tisa, sasa nafuga kuku tu.

Mama mkwe mheshimu, lakini mwambie pareto si mfano mzuri. Ni dawa ya wadudu, kweli, ila ile ya asili ikipigwa na jua huvunjika upesi. Ya mzee wako ni hadithi nyingine. Ukungu wa viazi huku kwetu wengi wanaupiga kwa mankozebu, ule unga wa manjano hafifu. Ikivunjika inatoa kitu kiitwacho ETU, na hicho kinavuruga tezi ya thairoidi. Miezi mitatu ya kwanza ya mimba, mtoto hana homoni yake ya thairoidi ya kutosha, anategemea ya mama, na ubongo unajengwa kwa hiyo. Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuiidhinisha mwaka 2020, sababu mojawapo ikiwa madhara kwa uzazi.

Sasa sikiliza jambo ambalo nililificha kwa kutojua, nikiwa nyuma ya kaunta. Wateja waliniuliza, "Hii ni kali?" Nikawaonyesha mstari wa rangi kwenye lebo: nyekundu hatari, kisha njano, buluu, kijani. Mama mjamzito akija namwambia chukua ya kijani, haina neno. Kumbe ile rangi inapima sumu ya kukuangusha leo. Haisemi chochote kuhusu aliye tumboni. Mankozebu haimo hata kwenye kundi la nyekundu.

Omba uone pakiti. Usisome jina kubwa la mbele, soma kiambato kwa maandishi madogo, maana majina ya biashara ni mengi na kitu ni kilekile. Na wengi huchanganya dawa mbili tatu kwenye pampu moja, ya ukungu na ya vidukari, kuokoa mguu. Hiyo harufu yako inanifanya nishuku kuna organofosfati humo, kundi la dawa za kuua wadudu.

Mkunga_Kisumu

Nazalisha akina mama huku Kisumu, na nyumbani kwetu ni Ahero kwenye mpunga, kwa hivyo hili swali nimeliishi.

Ndiyo, inafika. Organofosfati hupita kondo la nyuma. Kule California, bonde la Salinas, wanaolima saladi na stroberi, watafiti walifuatilia wajawazito 601 kuanzia mwaka 1999, wakapima mabaki kwenye mkojo. Majibu ya 2011: watoto wa mama waliokuwa na mabaki mengi zaidi, wakifika miaka 7, walikuwa chini kwa takriban alama 7 za IQ, kipimo cha akili, kuliko wa mama wenye mabaki machache zaidi. Utafiti mwingine wa jimbo hilohilo, 2014, ulikuta usonji ukiwa juu kwa kama asilimia 60 kwa watoto ambao mama zao, wakiwa wajawazito, waliishi chini ya kilomita 2 kutoka mashamba yaliyopigwa organofosfati. Haya ni mambo ya makundi ya watu. Hayakuhukumu wewe wala mtoto wako, tafadhali usilale macho.

Chakula: usiache mboga! Mjamzito asiyekula sukuma namwona kila wiki, kipimo cha damu ni saba tu, hana nguvu ya kusukuma. Ila usinunue ile iliyokatwa tayari, maana imekatwa kabla ya kuoshwa. Chukua majani mazima, osha moja moja chini ya maji yanayotiririka, pande zote mbili. Chumvi weka ukitaka, sabuni usiweke. Viazi na karoti menya. Nyanya yenye unga mweupe wa dawa karibu na kikonyo, usiridhike mama mboga akiifuta na leso. Zile dawa zinazoingia ndani ya mmea hazitoki kwa maji, zinasubiri siku tu. Habari njema ni kwamba organofosfati haikai mwilini muda mrefu. Huko Seattle watoto 23 walibadilishiwa chakula kikawa kisicho na dawa, na katika siku chache mabaki kwenye mkojo yakashuka karibu kuisha.

Ukisikia kichwa kinauma, jasho jingi, mate yanajaa, macho yanaona ukungu, misuli inacheza, hiyo si kichefuchefu cha mimba. Nenda hospitali na ubebe pakiti.

Na swali moja: nguo za kazi za baba watoto, nani anafua?

MamaWaDundori

Hapo umenishika.

Mume wangu anapiga dawa mashamba ya watu. Analipwa kwa pampu. Ovaroli yake nafua mimi, kwa mikono, kwenye beseni lile ninaloogea. Akirudi anaitundika nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Pampu inakaa stoo kando ya gunia la unga. Nimekaa hapa namsema mzee.

Mkulima_Bahati

Usijichape, mama. Hata mimi mke wangu alifua zangu mimba mbili.

Afue mwenyewe, na glavu, beseni lake peke yake, maji ya kwanza yamwagwe mbali na kisima. Aoge kabla hajakugusa. Viatu nje. Na mtungi wa dawa ukiisha aoshe mara tatu, autoboe, asije mtu akauchotea maji.

Kwa mzee usiende mikono mitupu na usiende na neno "sumu". Nenda na maziwa, jioni. Mwambie una mzigo, umwombe apige saa kumi na mbili asubuhi upepo umelala, na apige kelele kabla ya kuanza ili ufunge jikoni na uanue nguo. Mwambie pia dawa ikichukuliwa na upepo ni pesa yake inaenda kwenye kaiyaba yako. Hilo ndilo atakalolisikia.

Za nyanya nitasema ukweli: mimi nimepiga Alhamisi nikavuna Jumamosi kwa sababu bei ilipanda. Lebo ilisema siku saba.

MamaWaDundori

Nimeenda na chupa mbili za maziwa. Mzee kaniuliza mimba ina miezi mingapi, kisha akauliza kwa nini nilikaa kimya muda wote huo. Leo saa kumi na mbili kasoro nimesikia akiita, "Mama, funga!" Nimefunga.

Ovaroli iko nje, kwenye mparachichi. Usiku imenyeshewa, na mwenyewe amekwenda kazini nayo ikiwa mbichi, akinung'unika.