Niliuziwa "kioo cha kuzuia wezi", mwizi kakimaliza kwa pigo moja. Mafundi mtatuua!

Wakuu, wiki mbili hizi nilikuwa najizuia kuandika ila leo nimeshindwa, maana jirani yangu kanihadithia ya kwake nikakuta kauziwa maneno yaleyale niliyouziwa mimi.

Mlango wangu wa sebuleni ni wa kioo, ule wa kuslaidi wa vipande viwili. Siku naufunga nilimwambia fundi kabisa, upande huu wa nyuma ni giza, sitaki urembo, nataka kioo cha kuzuia wezi. Akasema basi weka kioo cha tempa, kigumu mara nne mpaka tano ya kioo cha kawaida, hata nyundo inadunda. Nikaongeza hela. Alafu juu yake akabandika stika nyeusi akaniambia hiyo ndo sekyuriti filamu, hapo umemaliza. Miaka miwili nalala najua niko salama.

Saa tisa usiku nikasikia mlio mmoja. Mmoja tu wakuu, paa! Mpaka natoka koridoni kile kioo kimeshalala sebuleni kama mkeka, punje punje zimeng'ang'ania stika, nyingine zimetapakaa sakafu nzima, na jamaa keshapita kachukua laptopu na simu ya wife iliyokuwa inachaji na keshaondoka. Hakuna hata tone la damu. Mwanangu wa miaka sita alikuwa kalala chumba cha pembeni, hatua kama nne hivi kutoka pale. Laptopu itanunuliwa, ila hilo la mtoto kila nikilikumbuka mwili unasisimka.

Asubuhi nampigia fundi ananijibu "bosi kioo kimefanya kazi yake, si umeona hakuna aliyechanika". Nilitetemeka kwa hasira. Nililipa mwanangu alale salama, sikulipa ili mwizi apite bila kuchanika!

Na kinachouma zaidi ni kwamba nilipoanza kusoma mwenyewe nikakuta kweli tempa ndivyo ilivyotengenezwa. Kioo kinachomwa kupita digrii 600 alafu kinapoozwa ghafla kwa upepo, nje kunajibana ndani kunavutika, ndo maana mtoto akikigonga na bega au mpira ukikipiga hakitikisiki, lakini kikigongwa sehemu moja tu na kitu kidogo kigumu chenye ncha ile nguvu yote inaachia kwa mpigo na kioo kizima kinashuka. Hicho ni kioo cha bafuni, cha kukuokoa usikatwe ukiteleza. Hata kioo cha kawaida kikivunjwa kinabakiza meno kwenye fremu mwizi anahangaika kuyatoa, tempa yeye inamwachia uwazi wote.

Cha mwizi ni lamineti, vioo viwili vimegandishwa na utando wa plastiki katikati, kama kioo cha mbele cha gari. Kupasuka kitapasuka, ila hakitoki, mtu itabidi asimame pale apige apige na kelele juu mpaka watu waamke. Na hapo napo usikubali tu kwa sababu umeambiwa lamineti, uliza utando ni milimita ngapi. Kile cha 6.38 ni kioo cha 3 na kingine cha 3 na utando wa 0.38 basi, mtu aliyedhamiria hakimcheleweshi sana. Kuna 0.76, kuna 1.52, na kuendelea. Ulaya wana kipimo kinaitwa EN 356, wanaangusha tufe la chuma la zaidi ya kilo 4 juu ya kioo, kwa daraja la P4A tufe linaangushwa kutoka mita 9 mara tatu na halitakiwi kupita, na kuanzia P6B kwenda juu wanapiga kwa shoka. Vitu vimepimwa na vimeandikwa, alafu mtu anakuja nyumbani kwangu kunipimia usalama kwa mdomo!

Ile stika sasa. Kumbe ilikuwa tinti ya kawaida ya kuzuia jua, mikroni kama 50 hivi (mikroni elfu moja ndo milimita moja). Filamu yenyewe ya usalama inaanzia huko mikroni 100, na wanaotaka ya maana wanaweka 200 na zaidi, inabandikwa kwa ndani, na kingo zake LAZIMA zishikizwe kwenye fremu kwa silikoni maalum au kwa vipande vya kubana. Ikiishia kwenye kioo tu bila kushikwa na fremu, kioo kikivunjika vyote vinatoka pamoja kama mlango, na ndicho kilichonitokea. Na usipoambiwa kuwa gundi yake inahitaji wiki kadhaa kukauka vizuri, huyo fundi hajui anachobandika.

Jirani yeye kioo hakikuguswa kabisa. Waliunyanyua mlango ukatoka kwenye reli, wakauegemeza ukutani, wakaingia. Wakati ungewekwa kipande tu kwenye reli ya juu usingenyanyuka, na bomba la kulala kwenye reli ya chini usingeslaidi, na kitasa kiwe kile cha ndoano sio kile cha kijino kinachobonyea ukisukuma kidogo. Kazi ya dakika chache hiyo, na mtu alishalipwa. Nyingine nendeni mkaangalie sasa hivi: vile vipande vya alminiamu vinavyobana kioo vimewekwa upande gani? Dirisha langu la jikoni viko nje! Yaani mtu mwenye bisibisi anavibandua taratibu na kukitoa kioo kizima bila kuamsha mtu.

Najua wapo watakaokuja kusema "si uweke grili yaishe". Naweka, ila madirisha ya vyumba vya kulala fundi wa grili naye anataka kuchomelea moja kwa moja, na moto ukiwaka mlangoni mtoto atatokea wapi? Nimemkatalia. Angalau moja kila chumba ifunguke kwa ndani bila kutafuta funguo gizani, akishindwa nitamtafuta mwingine.

Sasa hivi pale nyuma nimepigilia mbao. Nataka lamineti ya utando wa 1.52, ila kuna fundi ananiambia fremu yangu haitabeba, kioo ni kizito na zile roli za chini, vile vigurudumu vya mlango, zitakufa, mwingine anasema badilisha roli tu. Simwamini yeyote tena. Aliyewahi kutoa tempa akaweka lamineti kwenye mlango wa kuslaidi uleule, fremu ilikaa au ulibadilisha yote? Na picha ya reli ya juu kama unayo naomba uiweke.