Nina nyumba Baltimore, mpangaji analipiwa kodi na serikali. Nikubali ama niache?

BabaTerry_Naks (mwanzisha uzi)
Habari zenu wadau. Niko Kiamunyi hapa Nakuru, nilikaa Marekani miaka kumi na nne nikifanya kazi ya kutunza wazee, nikarudi nyumbani 2022. Huko niliacha nyumba moja ndogo Baltimore, haina ghorofa, bado iko na mkopo wa benki na kodi ndiyo hulipa huo mkopo. Sasa mpangaji alitoka mwezi uliopita, nyumba iko tupu, benki nayo haijui mambo ya tupu, natoa kwa duka langu hapa nabadilisha dola natuma na mnajua vile hiyo hesabu inauma. Kuna mpangaji amejitokeza ako na ile vocha ya Section 8, serikali inamlipia sehemu ya kodi. Nikiwa huko nilikuwa nasikia tu ikitajwa. Naomba mwenye anajua anieleze, hiyo pesa huja kweli? Huchelewa? Na mpangaji akikosa kutoa sehemu yake, serikali hufidia? Nisaidieni haraka, saa nane za usiku zinanipata macho.

ShikuWa58
Section 8 iko wapi tena? Mimi nakaa mtaa wa Section 58 hapa Nakuru miaka tisa na sijawahi sikia kuna 8 😂 Lakini kama kuna serikali inalipia watu kodi nionyesheni ofisi nipange laini kesho asubuhi.

MzeeLanet
Shiku hiyo ni ya Marekani. Ya hapa kwetu ni kukatwa tu. Tangu ile sheria ya nyumba nafuu ya 2024 mwajiriwa anatolewa asilimia 1.5 ya mshahara wote na mwajiri anaongeza 1.5 yake, na hiyo pesa inajenga nyumba za kuuza polepole, hailipii mtu kodi ya mwezi. Mimi napanga Free Area, nakatwa, na kodi bado natoa mwenyewe. Kijana wangu, kwanza wewe ulinunuaje nyumba huko na shamba la babako pengine limemea magugu? Uza uje ununue ploti Kiamunyi hapo hapo ulipo.

BabaTerry_Naks
Mzee wangu shikamoo. Shamba liko sawa. Ninaomba tu kujua hiyo vocha inavyofanya kazi.

LandilodiKaptembwo
Mimi nina vyumba kumi na nne na sijawahi ona serikali ikiniletea kitu. Inachukua. Kama kodi zako kwa mwaka ziko kati ya shilingi 288,000 na milioni 15, watoza ushuru wa KRA wanataka asilimia 7.5 ya kila unachokusanya, ilikuwa 10 ikashushwa Januari 2024, na hawaulizi kama umenunua mabati ama umelipa fundi wa choo. Halafu mpangaji anakuambia mtoto mgonjwa, mwezi ujao, mwezi ujao, ukienda kwa mlango unapata kufuli na kitanda kilitoka usiku. Serikali ikinilipa moja kwa moja hata nusu, mimi nakubali nikiwa nimefunga macho. Chukua huyo mpangaji.

NyarNyando
Landilodi usimharakishe mtu. Hizi nyumba za serikali zina mambo. Mama yangu alikaa nyumba ya kaunti miaka ishirini na mbili, mtaa na mji sitataja, lakini jina kwa karatasi halikuwa lake, lilikuwa la mzee mmoja aliyehama kitambo akampangishia mama kwa bei mara tatu ya ile yeye alilipa kaunti. Kila mwezi risiti inatoka kwa jina la mzee. Mzee akafa. Watoto wake wakaja na karani, wakatuambia tuna siku saba. Mama alikuwa amepaka rangi, ameweka vigae, amejenga jikoni nyuma, na hakuwa na karatasi hata moja ya kusema ni yeye. Nilikuwa fomu tatu, nakumbuka tulibeba sufuria kwa mkokoteni mvua ikinyesha. Kwa hivyo mimi nikisikia nyumba na serikali nauliza kwanza, jina la nani liko kwa karatasi?

NekesaBungoma
Baba Terry pole na usingizi. Nilifanya kazi miaka sita kwa ofisi ya kusimamia nyumba za kupangisha huko Maryland kabla nirudi Bungoma, na faili za vocha ndizo zilikuwa za meza yangu, kwa hivyo wacha nikueleze vizuri.

Hiyo vocha pesa yake inatoka serikali kuu kupitia HUD, wizara yao ya nyumba, lakini mwenye anaishughulikia ni mamlaka ya nyumba ya mji ama kaunti. Mpangaji anatoa kama asilimia 30 ya mapato yake, baada ya kupunguziwa vitu kama watoto na matibabu, na mamlaka inalipa iliyobaki moja kwa moja kwa landilodi. Sema mapato yake ya mwezi baada ya hayo makato ni dola 1,500 na kodi ni 1,800, yeye anatoa 450, mamlaka inakuletea 1,350. Lakini huwezi kutaja bei yoyote unayotaka. Wako na kiwango chao cha kila ukubwa wa nyumba, na wanalinganisha pia na nyumba za jirani zisizo na vocha. Bei ikizidi kiwango mpangaji anabeba hiyo ziada yeye mwenyewe, na wakati anaingia haruhusiwi kubeba zaidi ya asilimia 40 ya mapato yake.

Kuna mikataba miwili. Mmoja wewe na mpangaji, mwingine wewe na mamlaka. Na kabla ya yote inspekta anakuja, anawasha jiko, anafungua mifereji, anajaribu madirisha na king'ora cha moshi. Ikifeli hakuna shilingi mpaka urekebishe, na hata mpangaji akiwa ndani, nyumba ikiharibika na wewe umenyamaza, wanasimamisha malipo. Mwanzoni ndio huchelewa kidogo juu ya karatasi, ikishaanza inaingia kila mwezi kama mshahara. Sehemu ya mpangaji akikosa kulipa, hapana, mamlaka haifidii, unamfuata mpangaji kwa sheria kama mpangaji mwingine yeyote. Na kumchunguza kama ni mtu mzuri ni kazi yako, wao wamechunguza mapato tu.

Kitu kingine, Maryland kuanzia Oktoba 2020 sheria inakataza kumkataa mtu eti kwa sababu analipa na vocha. Kwa hivyo "nikubali ama niache" sio swali la vocha. Niambie, huyu mpangaji mlijuana vipi?

BabaTerry_Naks
Asante sana dada Nekesa, umenifungua macho. Mpangaji ni mtu wa kuaminika, namjua. Sasa hiyo ya kiwango ndio shida, kiwango chao hakifikii mkopo wangu, kimepungua kwa kama dola 200. Tumekubaliana ataniongezea hiyo 200 kando, tukae sawa. Na pia nyumba inahamia jina la rafiki yangu tulifanya kazi naye huko, yeye ndiye atasaini na mamlaka. Ni karatasi tu, nyumba inabaki yangu.

NyarNyando
Jina tena!

NekesaBungoma
Ndugu yangu simama hapo. Hiyo 200 ya kando ndiyo inaangusha watu. Kwa mkataba wa mamlaka landilodi anasaini kwamba hapokei kitu chochote zaidi ya kodi iliyoandikwa. Ukipokea unarudisha, unaweza fungiwa mpango mzima na unaweza shtakiwa, na mpangaji naye anapoteza vocha ambayo pengine alingoja miaka. Na kwa nini jina la rafiki? Mtu hahamishi nyumba kwa ajili ya mpangaji wa kawaida. Nauliza tena kwa heshima, huyu ni nani wako?

BabaTerry_Naks
Rafiki ako hapo karibu, mimi niko mbali. Ni urahisi tu wa kusimamia.

NekesaBungoma
Kusimamia unaweka ajenti. Hakuna anayehitaji hati ya nyumba ili kupokea simu ya fundi. Ni nani wako?

BabaTerry_Naks
Ni dada yangu. Tumbo moja, mimi ndiye nilimlipia hata tiketi ya kwenda. Sasa mniambie ni dhambi gani ndugu kumpa dada yake nyumba? Nyumba iko tupu, yeye anatafuta nyumba, vocha yake imebakisha wiki tatu iishe, mkopo wangu unaungua. Tulisikia kwamba ndugu hakubaliwi ndio tukafikiria jina la rafiki. Hatumwibii mtu. Vocha ni halali yake, ako na grini kadi, alipanga laini kama wengine. Hiyo pesa italipwa landilodi yeyote yule, sasa ikilipwa kwangu inakuwa wizi?

MzeeLanet
Ukweli ukiutoa nusu nusu unakuchosha. Ungesema dada tangu asubuhi tungekuwa tumemaliza saa hii.

LandilodiKaptembwo
Mimi hapo sioni makosa. Kwetu ndugu akipanga kwako ndiye hakulipi kabisa, huyu angalau serikali inamlipia. Saini na rafiki, mradi muaminiane.

Mpekuzi_254
Wadau naomba mniruhusu. Nimepitia nyuzi za zamani za huyu jamaa. Mwezi wa tatu aliuliza hapa hapa bei ya singo, yaani chumba kimoja, Free Area isiyozidi elfu nne. Leo ako na nyumba Baltimore na mkopo wa dola? Halafu ona vile hekaya inafunguka kidogo kidogo, kwanza mpangaji, halafu rafiki, halafu dada, kesho atatuambia dada ni mgonjwa na kuna namba ya kutuma mchango. Hii nimeiona mara nyingi. Baba Terry, nyumba ya dola na singo ya elfu nne vinakaaje kwa mtu mmoja?

ShikuWa58
Eeh kweli, hiyo uzi ya singo hata mimi niliijibu. Nilimwambia aangalie Pipeline.

LandilodiKaptembwo
Kumbe nimeshauri hewa.

NyarNyando
Mimi nimetoa mambo ya mama yangu hapa, nilikuwa nafikiri naongea na mtu ako na shida ya kweli. Jibu hilo swali tafadhali.

Mpekuzi_254
Tumengoja masaa manne. Kimya.

BabaTerry_Naks
Nilikuwa nimefunga duka, niko hapa. Hiyo singo ilikuwa ya kijana ananifanyia kazi, alitoka Molo hakuwa na pa kulala, Shiku asante alipata Pipeline na bado ako huko. Sitaomba mtu hata bob. Hakuna namba nitaweka hapa, na mkiona nimeweka mnifungie.

Nilificha juu sikutaka kumtaja mtoto. Dada yangu ako na kijana wa miaka tisa, anatumia kiti cha magurudumu tangu azaliwe, miguu haina nguvu. Huko Baltimore nyumba nyingi za bei hiyo ni zile zimeshikana mstari mzima, unapanda ngazi kuingia na vyumba vya kulala viko juu. Ameangalia nyumba saba. Moja alikuwa anambeba mtoto mgongoni kuonyeshwa chumba na mtoto sasa ni mzito. Yangu iko chini, mlango wa nyuma niliuwekea njia ya mteremko nikiwa na mzee nilikuwa namtunza hapo, milango ni mipana, bafu kiti kinaingia. Hakuna nyumba nyingine itamtosha kama hiyo. Tulinyamaza kuhusu mtoto juu tuliogopa wakijua ndugu NA mtoto mlemavu wataona tunataka kutumia huruma wachukue vocha yote. Mpekuzi ukitaka kuamini amini, usipotaka sawa.

NekesaBungoma
Baba Terry, hicho ulichoficha ndicho ulihitaji kusema kwanza.

Sheria yenyewe iko hivi. Tangu 1998 mamlaka haikubali mwenye nyumba akiwa mzazi, mtoto, babu au nyanya, mjukuu, dada au kaka wa mtu yeyote kwa ile familia ya vocha. Lakini hapo hapo kuna mlango mmoja: mamlaka inaweza kuruhusu ndugu kama hiyo nyumba inamfaa mtu wa familia aliye na ulemavu. Nimeshika faili mbili za hivyo kwa mikono yangu, moja ilikuwa ya mama aliyekuwa anapanga kwa kijana wake, mama alikuwa haoni. Wote walikubaliwa kwa jina lao halisi. Sikuahidi kwamba yenu itapita, uamuzi ni wa mamlaka. Lakini ukiweka jina la rafiki mnapoteza huo mlango kabisa, maana mtakuwa mmeshadanganya, na ikijulikana ni dada yako atatolewa vocha akiwa na huyo mtoto.

Wiki tatu zisikutishe. Vocha hupewa angalau siku 60 za kutafuta nyumba, na kama familia inahitaji muda zaidi kwa sababu ya ulemavu mamlaka inapaswa kumwongezea. Aombe kwa maandishi, leo. Na ile 200 usahau. Kama kodi yao haifikii mkopo, hiyo ni hesabu ya wewe na benki yako.

NyarNyando
Pole Baba Terry. Pole kwa mtoto. Nimesoma hiyo ya kumbeba mgongoni nikaweka simu chini.

Mpekuzi_254
Nimeona majibu ya Shiku kwa ile uzi, kijana wa Molo ametajwa kweli. Naomba radhi mkuu. Watu wametapeliwa sana hapa ndio maana nachimba.

LandilodiKaptembwo
Na mimi nafuta ushauri wangu wa kusaini na rafiki. Sikujua dada anaweza toka patupu.

BabaTerry_Naks
Mpekuzi hakuna neno. Nimepiga simu, huko ilikuwa asubuhi. Kumbe dada alishaandika kwa fomu ya kwanza kwamba mtoto ni mlemavu, makato yake ya mapato yalihesabiwa na hiyo, mamlaka inajua tangu zamani. Sisi ndio tulikuwa tunaficha kitu kiko kwa faili yao. Alilia kidogo. Rafiki nimemwambia tusisaini, tulikuwa tusaini Alhamisi, alishukuru hata yeye, akaniambia alikuwa anaogopa kunikataa. 200 nimeiacha, nitaona na benki. Barua nimeanza kuandika, daktari wa mtoto atatoa yake wiki hii. Nekesa niitume kwa nani?

NekesaBungoma
Usiandike wewe. Aandike dada, vocha ni yake na mtoto ni wake, ampelekee afisa anayeshughulikia faili yake, na aseme wazi kwa mstari wa kwanza kwamba mwenye nyumba ni kaka yake. Ahifadhi nakala yenye tarehe waliyopokea. Aombe vitu viwili kwa barua moja, ruhusa ya nyumba na muda wa vocha. Nyumba yako ilijengwa mwaka gani?

BabaTerry_Naks
1954.

NekesaBungoma
Basi wewe kazi yako ni hiyo. Nyumba zote za kabla ya 1978 zinaangaliwa rangi yenye madini ya risasi, na Maryland mpangaji akibadilika unahitaji cheti kipya kabla mwingine aingie, sembuse kuna mtoto. Angalia pia kama leseni yako ya kupangisha ya mji haijaisha. Tafuta ajenti wa kukuwakilisha na mpigie mkaguzi wa rangi kesho mapema, wale huwa na foleni.