Ushauri: leza ya mkononi kwa bodi za chensoo za magnesiamu, nipo Masasi

FundiChensoo: Wakuu, habari za saa hizi. Nina karakana ya kuchomelea hapa Masasi. Wateja wananiletea chensoo zilizopasuka bodi la injini wakidhani ni alumini, kumbe nyingi ni magnesiamu. Nimeona leza ya mkononi, yaani mashine ya kuchomelea kwa mwanga, inaunga bati jembamba bila kulipinda. Itafaa kwa kazi hii au nibaki na TIG, ile ya kuchomelea kwa cheche ya umeme na gesi? Pesa ni ya mkopo wa kikundi.

Newala_Juu: Kwanza hakikisha. Kwangua rangi, dondoshea siki. Magnesiamu inatoa mapovu palepale, alumini inatulia tu.

Argoni: Mkuu, leza kwa kazi hiyo sikushauri. Magnesiamu inayeyuka nyuzi 650, alumini 660, karibu sawa. Tofauti iko kwenye kuchemka: magnesiamu ni kama 1,090, alumini inakaribia 2,500. Leza inakusanya joto lote mahali padogo mno, kwa hiyo madini yanageuka mvuke na kuruka, mshono unabonyea. Viwandani wanaweza, kwa aloi (mchanganyiko) ya magnesiamu kama AZ31, ila vipande vyao ni vipya, visafi, vimebanana bila mwanya, na gesi ya argoni au heli inalinda mshono. Bodi lililokunywa oili miaka yote ni habari nyingine kabisa, maana haidrojeni ya ile oili inaacha vitundu ndani ya mshono. Chukua TIG yenye AC, umeme unaobadilika mwelekeo. AC inavunja utando wa oksidi, ambao wenyewe hauyeyuki mpaka nyuzi 2,800 na ushee. Waya uwe wa magnesiamu, AZ61 au AZ92.

BintiWaLindi: Jamani, mbona moto hamjautaja? Unga unaobaki ukipiga grainda ndio hatari yenyewe, ufagie kila mara. Ukishika moto usimwage maji, yanatoa haidrojeni na moto unalipuka. Mtungi wa kaboni dioksidi nao hausaidii, magnesiamu inaendelea kuwaka humohumo. Weka ndoo ya mchanga mkavu. Nasema mkavu, ule wa ufukweni wenye unyevu uache. Na yeyote atakayeshika leza, mwanga wake hauonekani kwa macho na ukiakisiwa tu unapofusha. Miwani iwe ya leza hiyohiyo.

FundiChensoo: Asanteni sana. TIG yangu ni DC tupu, umeme wa mwelekeo mmoja, basi mkopo uende kwenye AC.

Argoni: Sawa kabisa. Kabla hujalipa, muuzaji achomelee kipande cha alumini mbele yako, uone utando unavunjika.