Mhadhiri msaidizi, Mbeya: nibaki na nano au niende kusimamia miradi?

pumba_na_majivu
Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo. Nina miaka 34, mhadhiri msaidizi wa kemia hapa Mbeya. Uzamili nilifanya kwenye nanomateriali: natoa silika (kitu kilekile kilichojaa kwenye mchanga) kwenye pumba za mpunga, chembe ndogo mno, chini ya nanomita 100, lengo ni kuchujia maji. Sasa nina mawili mezani. Kwanza, uzamivu wa miaka 4 kwenye kazi hiyohiyo, posho yake ya kubana mkanda. Pili, mkataba wa miaka 3 Iringa, mratibu wa mradi wa kilimo wa wafadhili, mshahara zaidi ya mara mbili ya wangu. Iringa wanataka jibu ndani ya wiki 2. Mke wangu kasema niwaulize ninyi kwanza, halafu yeye ndiye ataamua.

Mwanjelwa_B
Chukua Iringa. Pumba haziishi Mbarali, zitakusubiri.

mnyalukolo77
Niko Iringa kwenye kazi hizo mwaka wa 7 sasa. Mshahara ni kweli, sikatai. Ila miaka 3 ya mkataba si miaka 3 ya utulivu. Mwaka wa kwanza mnaajiri na kuzindua, wa pili mnafanya kazi, ukifika katikati ya wa tatu kila mtu ofisini anasoma matangazo ya ajira huku skrini kaigeuzia ukutani. Mradi wangu wa pili ulikatwa njiani. Jumanne barua pepe, Ijumaa magari yamerudishwa. Nilikaa miezi 8 nikinunua nyanya Ilula na kuzipandisha malori ya Dar. Nilikula, sikufa, lakini hakuna aliyeniita mratibu.

Na hicho cheo kisikudanganye. Ni risiti, fomu za posho za semina, taarifa ya robo mwaka, na kueleza kwa nini mafuta ya gari yamezidi bajeti. Kemia yako hakuna atakayeiuliza.

nimerudi_na_cheti
Mimi nina huo uzamivu wa nano, kwa hiyo niulize swali ulilolikwepa: sampuli utazipimia wapi? Kutengeneza ni nusu ya kazi. Bila mashine ya mionzi ya eksirei na hadubini ya elektroni huna ushahidi kwamba ulichonacho ni nano, una unga tu. Nilikuwa nafunga vichupa kwenye bahasha, namkabidhi kondakta wa basi la Dar alfajiri, kilomita zaidi ya 800, rafiki anazipokea stendi. Majibu wiki ya 7. Na kichupa namba 4 kilikuwa kimeandikwa namba 9.

pumba_na_majivu
Mkuu, umenigusa pabaya. Kupima ni kwa kuomba omba, kweli. Tanuru ninalo.

Ngoja niwaambie kinachonishika. Mwanzoni nilichoma pumba bila kuziosha. Jivu lilitoka na weusi, nikaongeza saa, weusi uleule. Kumbe potasiamu iliyomo ndani ya pumba inaifanya silika iyeyuke, kaboni inafungiwa humo na hewa haiifikii tena. Nikaanza kuziosha kwa asidi ya hidrokloriki, nasuuza, nakausha, ndipo nachoma kwa nyuzi 600. Siku ya kwanza nilipofungua tanuru, kibakuli kilikuwa na kitu cheupe kama unga wa muhogo. Nilimwita mlinzi aje aone. Akauliza kama kinapikwa.

mtoto_wa_mashine
Kwetu Ubaruku tuna mashine ya kukoboa. Hesabu ya haraka: mpunga kilo 100 unaacha pumba kama kilo 20, ukizichoma unapata jivu kama kilo 4, na karibu lote ni silika. Halafu nenda nyuma ya mashine yoyote uone ule mlima, tunauchoma ili tupate nafasi tu. Mtu anayejua kuugeuza mali mnamtuma Iringa akasaini posho?

Bi_Uyole
Wadogo zangu, mnabishana kama hizi ni kazi mbili zisizojuana. Andiko la utafiti likishapata fedha ni mradi: lina bajeti, manunuzi, ratiba, na mtu wa kubanwa likichelewa. Mtazameni Dk. Askwar Hilonga wa Arusha, aliyeshinda tuzo ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015, pauni 25,000. Kichujio chake kinaunganisha mchanga na nanomateriali. Kemia aliijua, lakini kemia pekee haikifikishi kichujio kwa mwenye ndoo.

Kwa hiyo kijana, kaa. Bila uzamivu utabaki na "msaidizi" mbele ya jina. Uliza pia kama mshahara utaendelea ukiwa masomoni, wengi wetu uliendelea. Kisha mwombe msimamizi wako akupe uratibu wa fedha zake za utafiti. Cheti cha PMP, kile cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, kwa mwenye shahada, kinadai miezi 36 ya kuongoza miradi na saa 35 za mafunzo. Miezi hiyo unaweza kuikusanya hapohapo ukiwa na koti jeupe. Ukifikisha 40 ukitaka kuhamia miradi, mlango upo. Kutoka miradi kurudi maabara ukiwa na 40, sijaona wengi.

mnyalukolo77
Dada, unampa kazi mbili kwa mshahara mmoja.

Bi_Uyole
Hizo mbili anazifanya tayari. Muulize nani anaagiza kemikali za idara.

pumba_na_majivu
😂 Ni mimi. Na kuzifuatilia, na kuandika barua zikichelewa.

Mrejesho: mama watoto kasoma uzi wote jana usiku. Kauliza moja tu: mradi ukikatwa kama wa huyu wa Ilula, chuo kitanipokea? Leo nimepeleka barua kwa mkuu wa idara kuuliza habari ya likizo bila malipo, kaipokea na kuiweka chini ya rundo. Msimamizi wangu nimemwomba ule uratibu, kasema anafikiria. Iringa bado siku 9.

@mtoto_wa_mashine, Jumamosi nakuja Ubaruku kwa magunia 2. Msizichome hizo.

mtoto_wa_mashine
Za nyuma zimeshaungua jana. Njoo mapema, tunakoboa tangu asubuhi.