Umeme ukirudi, seva yangu ya maji kupwa na kujaa haionekani kutoka nje

Mkaazi_wa_Wete aliuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, nyumbani kwangu Wete ambayo nimeifanya seva ndogo. Inaendesha Nginx, programu ya kuwapa wageni kurasa za wavuti, pamoja na programu niliyoiandika kwa Python ya kukokotoa nyakati za maji kupwa na kujaa. Msingi wa hesabu niliupata kwa kuchambua vipimo vya kila saa vya kina cha bahari katika bandari ya Zanzibar, ambavyo Chuo Kikuu cha Hawaii huvitoa bure, kwa kutumia maktaba ya UTide, kisha nikavilinganisha na yale ninayoyaona kwenye pwani yetu. Wanaoutumia ukurasa huo ni wavuvi wa diko letu, yaani pahala tunapoegesha ngalawa, na kina mama wa mwani, ambao siku za bamvua hutaka kujua maji yatatoka saa ngapi na yatatoka kwa kiasi gani.

Walio karibu huingia kwa Wi-Fi ya Pi yenyewe bila ya kutumia bando. Walio mbali hupitia seva ndogo ya kukodi iliyoko Ulaya, kwa sababu kampuni inayoniletea intaneti hainipi anwani ya hadhara. Rauta yangu huonyesha anwani inayoanza na 100.72, iliyomo katika fungu la 100.64.0.0/10 lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni zinazowashirikisha wateja wengi anwani moja, kwa hiyo hata nikifungua poti 80 na 443 kwenye rauta ni kazi bure. Pi ndiyo inayofungua njia ya WireGuard, yaani njia ya siri ndani ya intaneti, hadi Ulaya, na Nginx ya kule huwapokea wageni na kuwaleta kwangu. Kwenye faili ya Pi nimeandika AllowedIPs = 0.0.0.0/0.

Zamani shida ilikuwa kadi ya kumbukumbu kuharibika umeme ukikatika ghafla. Nikawasha ule mfumo wa faili wa tabaka uliomo kwenye raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi, ambao huifunga kadi isiandikwe na kuyaweka mabadiliko yote kwenye RAM. Tangu hapo kadi iko salama, lakini pamezuka mambo mawili ambayo siyafahamu. La kwanza, umeme ukirudi njia ya WireGuard haifunguki, na haifunguki mpaka niizime na kuiwasha tena seva ya kukodi, ingawa seva hiyo haikuguswa na kukatika kwa umeme wa huku. La pili, katika muda huo wa katikati, wanaoingia kwa Wi-Fi ya hapa huona saa za maji ambazo mara nyengine zinakubaliana kabisa na bahari, na mara nyengine ni kinyume: ukurasa unasema maji yatajaa saa nne asubuhi, ilhali saa hiyo ngalawa zimekaa mchangani. Nimeipitia hesabu yangu mstari kwa mstari na sijaona kosa. Je, niihame kampuni niliyokodi kwake seva, au tatizo liko kwangu?

FundiDarajani alijibu:

Wa alaykum salaam kaka. Kabla ya kuilaumu kampuni, angalia umeme unaoifikia Pi. Pi 4 inataka volti 5 na uwezo wa ampea 3, na chaja nyingi za simu zinazouzwa mitaani, zikiunganishwa kwa waya mwembamba mrefu, hazifiki hapo. Andika `vcgencmd get_throttled`. Ukipata 0x0 umesalimika. Ukipata 0x50000 maana yake ni kwamba volti ilishuka chini ya kiwango wakati fulani tangu Pi ilipowaka, na kasi ikapunguzwa. Umeme unaporudi huku kwetu mara nyingi huja na kuyumba dakika za mwanzo, na hapo ndipo vifaa vya mtandao huwaka nusu nusu.

Tiba ninayoipenda mimi si ile betri ya kuchajia simu, maana nyengi hukata umeme kwa muda mfupi zinapohama kutoka kuchajiwa kwenda kutoa, na Pi huzima na kuwaka upya. Nunua betri ya volti 12 ya saa-ampea 7, chaja yake, na kifaa kizuri cha kushusha volti hadi 5. Betri hiyo ina wati-saa 84. Usiitumie zaidi ya nusu ukitaka idumu. Pi na rauta kwa pamoja zikila wati 10 hivi, utapata kama saa nne, ambazo zinatosha kwa sehemu kubwa ya kukatika kwa kawaida. Na kama seva iko karibu na bahari, iweke ndani ya kisanduku, kwa sababu chumvi ya hewani hula pini za shaba polepole na mjusi hana adabu.

BintMkoani alijibu:

Ushauri wa betri ni mzuri na kaka aufuate, lakini kwa mtazamo wangu hautibu maradhi yaliyoelezwa. Volti ikishuka haiwezi kueleza kwa nini kuizima na kuiwasha seva iliyoko Ulaya kunaiponya Pi iliyoko Wete. Maelezo ya swali yana kidokezo hicho kimoja, nacho kinatosha.

Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimwa, haijui muda gani umepita. Inapowaka, programu iitwayo fake-hwclock huirudishia wakati uliohifadhiwa mara ya mwisho kwenye kadi, kisha Pi husubiri kusahihishwa kwa NTP, huduma inayotoa wakati sahihi kupitia mtandao. Sasa kadi imefungwa. Wakati unaohifadhiwa kila saa unaandikwa kwenye RAM na kupotea, kwa hiyo kila umeme ukirudi Pi huamka katika siku ile ile ulipoifunga kadi.

Hapo ndipo WireGuard inapoingia. Kila ombi la kufungua njia hubeba muhuri wa wakati, na upande unaopokea hukumbuka muhuri wa mwisho uliotoka kwa ufunguo huo na kukataa wowote ulio wa zamani kuliko huo, ili mtu asinase ombi la jana na kulirudia leo. Pi yako inaleta muhuri wa wiki zilizopita, na seva ya kukodi, kwa haki kabisa, inaukataa bila ya kujibu neno. Kumbukumbu hiyo iko kwenye RAM ya seva ya kukodi; ukiizima inasahau, na ikiwaka inapokea muhuri wowote. Kwa nini NTP isiisahihishe saa mapema? Kwa sababu ya 0.0.0.0/0. Umeiamuru Pi ipitishe kila kitu ndani ya njia hiyo, pamoja na maulizo ya wakati ya poti 123, kwa hiyo saa inaisubiri njia na njia inaisubiri saa.

Na hesabu yako ya bahari ni sahihi, usiiguse. Maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku. Tarehe ikiwa nyuma kwa wiki moja, dakika hizo hujikusanya zikakaribia saa sita, na kujaa kukaangukia pahala pa kupwa. Huku kwetu bamvua maji hutoka kiasi cha saa nne asubuhi, na wiki moja nyuma yake, katika maji mafu, saa hiyo hiyo ndiyo yanajaa, ndicho ulichokiona. Tarehe ikiwa nyuma kwa siku 15 hivi, mzunguko unakuwa umetimia, na saa zinakubaliana na bahari karibu kabisa japokuwa tarehe si yake. Hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu siku hiyo hakuna atakayelalamika.

Thibitisha kabla ya kuniamini: umeme ukirudi, usiguse Ulaya, andika `date` kwenye Pi.

Mkaazi_wa_Wete aliandika:

Dada BintMkoani, Mungu akuzidishie. Nilichomoa waya kwa makusudi, nikarudisha, na `date` ikatoa ile siku niliyoifunga kadi. Nikaisahihisha kwa mkono na njia ikafunguka pale pale, bila ya kuigusa seva ya kukodi. Fundi, nako kwako nimepata 0x50000, kwa hiyo chaja nitaibadilisha vilevile.

Nimebakiwa na suali moja. Je, inatosha kuiondoa NTP ndani ya njia ya WireGuard, au ni lazima ninunue saa ya pembeni yenye betri yake? Niliweka 0.0.0.0/0 ili nipate kuona anwani halisi za wageni, na sipendi kulipoteza hilo.

Mzee_wa_Jambiani alijibu:

Mwanangu, mimi niliwahi kufundisha hisabati skuli na sasa programu ni mchezo wangu wa uzeeni, kwa hiyo nitasema la ukurasa na kuwaachia vijana la mtandao. Programu yako inaonyesha saa za maji bila ya kujiuliza kama inajua leo ni lini. Mama anayetoka na kamba zake za mwani, au kijana anayefuata pweza mwambani, akiamini kwamba maji yatarudi baadaye kuliko yatakavyorudi, anaweza kuzungukwa. Kabla ya kuonyesha chochote, programu isome jibu la `timedatectl show -p NTPSynchronized`, na likiwa si ndiyo, na hakuna saa nyengine ya kuaminika, iandike kwa herufi kubwa kwamba saa haijathibitishwa na isitoe nambari hata moja. Vilevile kila ukurasa uandike tarehe kamili, ya kawaida na ya mwandamo wa mwezi pamoja. Watu wa pwani wanajua mwezi ni wa ngapi. Wakiona umeandikwa mwezi 3 na wao usiku wamezungumza chini ya mbalamwezi, watakicheka hicho kifaa chako na hawatakifuata.

Baadhi ya watu watakwambia, kwa kuwa majira ya mwaka mzima yanakokoteka siku moja, uyafanye kurasa zilizokwisha kukokotolewa uzipeleke Ulaya, na Pi uiweke kabatini. Kwa watu wa mbali hilo ni jema. Kwa diko lenu silioni kuwa jema, maana mnara wa simu nao huzimika, na siku hiyo Wi-Fi ya Pi yako ndiyo pekee iliyobaki.

BintMkoani alijibu:

Nakubaliana na Mzee, na neno lake la mwisho ndilo jibu la suali la kaka. Kuiondoa NTP ndani ya njia kunatosha siku ambazo intaneti ipo. Mnara ukiwa umezimika, wa diko wataona saa za uongo, au hawataona kitu kama utafuata ushauri wa Mzee. Kwa hiyo fanya yote mawili.

Kwenye Pi, badilisha AllowedIPs iwe anwani ya ndani ya seva ya kukodi peke yake, kwa mfano 10.8.0.1/32. Anwani za wageni hutazipoteza: iache Nginx ya Ulaya izilete kwa kichwa cha X-Forwarded-For, yaani mstari unaotangulia ombi la mgeni, na Nginx yako ya nyumbani uiamuru ikiamini kichwa hicho kinapotoka kwa 10.8.0.1 tu.

Saa ya pembeni nunua yenye chipu ya DS3231, ambayo katika joto la kati ya nyuzi 0 na 40 hupotea kiasi cha dakika moja kwa mwaka. Iunganishe na pini ya volti 3.3, si ya volti 5. Bodi nyingi za bei nafuu zina sehemu ya kuchajia betri, na watu huzitia CR2032 ambayo haichajiwi. Kwa volti 5 betri hiyo inaweza kuvimba na hata kupasuka. Kisha ifungue kadi kwanza, vyenginevyo kila utakalolifanya litapotea umeme ukikatika. Ongeza mstari wa `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye config.txt, iondoe fake-hwclock, na kama mfumo wako ni wa zamani kidogo, yafute katika faili ya /lib/udev/hwclock-set yale maneno yanayoizuia isifanye kazi chini ya systemd, programu inayoziwasha huduma za mfumo. Hakikisha `date` ni sahihi, andika `sudo hwclock -w`, ndipo uifunge kadi tena.

Mwisho wa kazi chomoa waya wa umeme na wa intaneti kwa pamoja, uiache Pi imezimwa usiku kucha, na asubuhi uiwashe Pi huku waya wa intaneti ukiwa bado umechomolewa. Uusome ukurasa kwa Wi-Fi ya Pi, halafu ushuke pwani ukaangalie.